Celica ya Taa Nne na Celica ya Taa za Kufumba

Chingola, 8 Machi 1998
Miaka sita na mwezi mmoja tangu niondoke Itumba

Dada Sekela,

Shikamoo. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, na mgongo siku hizi si habari. Mvua za huku zimezidi. Ukuta wa jirani umelala chini na mbuzi wake wamehamia kwangu bila kuomba. Nimefurahi kusikia Nuria amepanda darasa na kwamba mchele wa Kamsamba unatoka vizuri pale sokoni. Shemeji Hamis umsalimu, ingawa nina neno juu yake, nitalifikia.

Barua yako Yonathani aliniletea na lori lake, akanikuta nakula. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa kidole, maana darasa la tano ni darasa la tano na nikichoka herufi zinanikimbia. Nieleze kama nimeelewa. Unasema hapo Tunduma kuna msafirishaji anaitwa Abdulwahab, rafiki wa shemeji. Ana Celica nyeupe ya mwaka tisini, ya taa zinazofumba na kufumbuka kama macho. Anataka kuitoa aichukue Celica yangu ya sabini na nne iliyo juu ya magogo uani kwa Baba. Gari kwa gari, haongezi mtu kitu.

Dada, mimi tangu ujana, kabla ya huu mgodi, kazi yangu ilikuwa mizigo ya watu. Sijaona bado mtu mwenye akili zake anashusha gunia zima ili apakie lililotoboka. Kwa hiyo nauliza, huyo Abdulwahab anataka nini hasa? Je, nyeupe ni gari la kupita tu kwenda Zambia, halijalipiwa ushuru, siku moja waje watu wa serikali walichukue mimi nimesimama? Je, anataka injini ya langu akaipachike kwenye pikapu yake? Injini ile inaingia kwenye magari mengi ya kazi, mafundi wote wanajua. Au lina ugonjwa ambao hausemwi?

Unajua gari lile ni nini kwangu. Yule mhandisi wa barabara aliniachia alipokwenda kwao, na sina kitu kingine duniani chenye jina langu. Nimelala chini huku miaka sita nikijua kwamba siku nikirudi, nitashuka, nitaliwasha, nitaanza maisha. Likiondoka hilo sijui nitarudi kwenye nini.

Niandikie tofauti za magari hayo mawili. Usiniambie hili zuri, hili baya. Niambie ulichokiona na ulichokisikia, maamuzi niachie.

Na Baba anasemaje? Ufunguo nilimwachia yeye, akaufunga kwenye mkanda wake na kuniambia hautoki hapo mpaka anione. Hujanitajia neno lake hata moja.

Mdogo wako,
Osward Mbonile

~

Tunduma, 19 Aprili 1998

Mdogo wangu Osward,

Marahaba. Bwana asifiwe. Sisi tunaendelea. Ashraf aliugua malaria wiki ya Pasaka, sasa anakula ugali wa watu wawili. Foleni ya malori imefika Mpemba, vumbi hakuna ila matope, na madereva wamekaa hapa mpaka wengine wanajua majina ya kuku wetu. Watu wa nyumbani wote wanakusalimu.

Umenituma kazi ya fundi na mimi ni muuza mchele, lakini nimeifanya. Nilipanda Itumba kwenye lori, juu ya mahindi ya watu. Kabla ya Isongole gari likazama, tukashuka, wanaume wakasukuma, wanawake tukashauri. Nilimchukua Raphaeli fundi, akaja na betri begani.

Lako kwanza. Rangi yake ile ya papai imepauka juu ya paa tu, ubavuni bado inawaka. Taa nne za duara mbele ziko zote. Boneti ndefu kuliko nyuma, mtu aliyekaa ndani anajiona yuko mbali na safari. Nilishusha vioo vyote, nikakumbuka kwamba katikati hakuna nguzo, upepo unaingia ubavu huu unatoka ule. Saa zake za duara kwenye dashibodi zipo, moja imeingiwa na buibui. Niliingiza ufunguo, nikazungusha. Raphaeli alikuwa amesafisha kabureta na kumimina petroli kidogo kwa juu. Likakohoa, likakataa, likakohoa, kisha likashika. Osward, unakumbuka linavyounguruma? Kuku wote walikimbilia kwa kina Gwantwa. Nilihisi mtetemo mpaka kwenye meno.

Sasa nyeupe. Hilo Abdulwahab alinizungusha nalo hapa Tunduma, shemeji yako amekaa nyuma amekunja magoti mpaka kidevuni. Ni la duara kila mahali, kama sabuni iliyotumika. Ukibonyeza swichi taa zinainuka, watoto wanapiga makofi. Linawaka mara moja na halipigi kelele, nilidhani halijawaka nikazungusha tena, likalia vibaya, Abdulwahab akanishika mkono. Mafuta yanapulizwa kwa umeme, kabureta halina. Lako linasukumwa na magurudumu ya nyuma, hili linavutwa na ya mbele. Ukikanyaga mafuta usukani unataka kwenda wenyewe. Lina mwendo, sikufichi. Kutoka mizani hadi njia ya Mpemba nilisoma Zaburi nzima.

Milango miwili yote mawili. Uvungu mfupi yote mawili. Raphaeli anasema lako likiharibika atalitengeneza na spana tatu. Nyeupe likiharibika, atalifunika turubai.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Lakini kwa nini nikuandikie kama mtoto wa shule? Njoo uangalie mwenyewe. Abdulwahab hapendi kusubiri. Njoo, Osward.

Dada yako,
Sekela

~

Chingola, 2 Juni 1998

Dada Sekela,

Shikamoo. Barua yako imekaa kwa Yonathani wiki nyingi kwa sababu lori lilivunjika springi Mpika. Mimi ni mzima. Baridi imeanza. Wale mbuzi wa jirani wamezaa, sasa nalala na wajukuu. Nashukuru Ashraf amepona.

Umeandika vizuri mno. Hilo ndilo linanitia wasiwasi. Mtu anayetaka kuuza hueleza sana.

Umeniandikia kwamba uliingiza ufunguo ukazungusha. Ufunguo gani? Upo mmoja, na uko kwenye mkanda wa Baba. Baba hakuwahi kumpa mtu ufunguo ule, hata Mchungaji Yesaya alipoomba gari la kubebea maharusi. Alimwambia, "Mchungaji, utalipata mwenye gari akirudi, kwa sasa bibi harusi atatembea, ana miguu mizuri." Uliniandikia wewe mwenyewe ukicheka. Sasa amekupa wewe na fundi na betri, mkaliwasha kuku wakakimbia, na yeye hajasema neno? Baba, ambaye mtu akiegemea gari lile humfukuza kwa fimbo?

Nina majibu mawili tu. La kwanza, mmetengeneza ufunguo mwingine, na gari sasa ni la kila mtu. Shemeji Hamis anajua watu wa kazi hiyo pale mpakani. Nisamehe, lakini nimelisema, halitaniozea tumboni. La pili, Baba amekubali. Mmekaa mkakubaliana wewe na yeye, mnanizunguka. Wewe ndiye mtoto wake wa karibu, unampelekea mchele, mimi ni barua tu.

Kama ni hilo la pili, basi nimekasirika na Baba pia. Mwambie kwa maneno yangu, nilimpa kitu kimoja tu anitunzie.

Kuhusu magari, nimeyapima kichwani nikibeba. Nyeupe linavutwa na mbele, sawa, kwenye lami ni tamu. Lakini kilima kile cha kuingia Itumba, wakati wa matope? Uzito ukirudi nyuma, mbele inakuwa nyepesi, magurudumu yanazunguka bure. Langu mnaweka mifuko miwili ya mahindi kwenye buti, nyuma inakaa, linapanda. Nimelipandisha mwenyewe. Tena lile la umeme halina huruma. Langu likiwa na ugonjwa linakuambia, linagonga, linatoa moshi, unalijua kama mgonjwa wa nyumbani. La umeme linanyamaza tu, halafu siku moja halipo.

Nakubali jambo moja. Nyeupe ni jipya kwa miaka kumi na sita, na mimi sizidi kuwa kijana. Ningekuwa simjui mtu yeyote kati yenu ningesema chukueni. Kwa kuwa nawajua, nasema subirini.

Nijibu mambo mawili. Ufunguo umetoka wapi, na Baba anasemaje?

Osward

~

Tunduma, 28 Julai 1998

Osward,

Sisi ni wazima. Nuria anakusalimu, anauliza mjomba ana ndevu au hana. Maharage ya Ikinga yameshuka sokoni, mazuri mwaka huu.

Nimesoma barua yako nikaiweka chini ya kitenge siku tatu nisije nikakujibu kwa hasira. Bado nina hasira lakini siku zimekwisha. Shemeji yako nilimsomea ile sehemu yake. Nilidhani ataruka. Akasema, "Mwandikie mimi ni mwizi, lakini gari la magogo siibi, nitaliibaje, nilibebe?" Akaenda kuswali. Ndiyo jibu lake.

Sasa na mimi nikuulize. Unaniuliza ufunguo, mimi nakuuliza geti. Miaka yote unaandika kwamba uko mgodini. Yonathani alikufuata getini mwaka jana wakamwambia hayumo, walipunguza watu. Amekukuta barabarani unaponda mawe ya kokoto na wanawake. Kwa nini hukusema? Ulidhani tutakucheka? Au kuna mwanamke na watoto huko ndiyo maana hurudi na gari lako unatufanya sisi tulilinde? Unaona ilivyo kushukiwa. Inauma kidogo, eeh?

Magari. Kiangazi kimekausha barabara, Abdulwahab akapandisha nyeupe hadi Itumba mwenyewe. Uvungu ulikwaruza mara nyingi mpaka akaacha kusema pole. Kilima chako hicho unachokisema kilimpokea. Kavu kabisa, hakuna tope, lakini kokoto, na magurudumu ya mbele yakazunguka kama ulivyoandika. Alirudi nyuma, akakimbia nalo, akapita. Akashuka anajifuta jasho. Nikamwambia, "Mdogo wangu alisema." Akasema, "Mdogo wako yuko wapi aje aseme mbele yangu?"

Tuliyaweka ubavu kwa ubavu uani. Siku hiyo watu walikuwa wengi pale nyumbani, hata wa Ikinga walikuwa wameshuka, na Mchungaji Yesaya alikuwepo, kwa hiyo mashahidi ninao wa kutosha. Tulilishusha lako kutoka kwenye magogo, vijana wakalisukuma, likatembea. Nyeupe pembeni yake lilionekana kama mgeni aliyevaa vizuri kwenye shughuli ya watu wengine. Wazee walizunguka lako. Vijana walizunguka nyeupe. Abdulwahab akakaa ndani ya lako, akashika usukani ule mwembamba, akaanza kusimulia. Kumbe ujanani kwao Tanga tajiri mmoja alikuwa nalo kama hilo, yeye akiliosha, na hakuwahi kuruhusiwa kukaa. Ndiyo sababu yake. Hamna ushuru, hamna injini ya pikapu. Anataka kukaa.

Ufunguo ninao mimi. Usiniulize kwa barua umefikaje kwangu.

Nimemwambia Abdulwahab asubiri mpaka mwisho wa Septemba. Ukiwa hujasimama mbele yangu kwa miguu yako siku hiyo, nitampa ufunguo, achukue gari lako, na hutanifanya kitu. Nimemaliza.

Sekela

~

Chingola, 6 Septemba 1998

Dada Sekela,

Shikamoo. Huku ni salama. Nuria umwambie ninazo, zina mvi upande mmoja.

Kuhusu geti, ni kweli. Walitutoa mwaka wa tisini na sita. Naponda mawe. Sikusema kwa sababu mtu akiondoka kwao kwenda mgodini, hawezi kurudi kutoka kwenye kokoto. Mwanamke hayupo. Angekuwepo mgongo wangu ungekuwa umechuliwa.

Barua yako ilinikasirisha, nikaapa kuja kukugombeza. Nilikwenda kumtafuta Yonathani aniambie lori linarudi lini. Nilimkuta chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana.

Nikamwambia, "Wewe Yonathani, gari langu bado liko Itumba au wamekwisha kuliuza?"

Akasema kutoka kule chini, "Liko."

"Umeliona?"

"Nimeliona. Tulikuwa wote pale."

"Mlikuwa kwenye nini?"

Nikasikia spana imesimama.

Nikasema, "Mzee alikuwa amekaa wapi, mlipokuwa mnalizunguka?"

Akasema, "Osward, mimi ni dereva. Ya Itumba muulize dada yako."

"Barua zake unazichukua mkononi mwake, halafu hujui ya kwake?"

"Nazichukua dirishani. Nipe hiyo spana namba kumi na saba."

Nikampa. Hakutoka chini ya lori mpaka nilipoondoka, na kazi ile haikuwa na urefu huo, nimewahi kukaa na mafundi.

Nilirudi nikasoma barua zako zote upya, kwa kidole. Safari hii sikutafuta gari. Nilitafuta Baba. Hayumo. Unaniandikia buibui aliyeko kwenye saa, unaniandikia mahali kuku walikokimbilia, na Baba aliye uani pale pale humwandiki. Mara mbili nimekuuliza anasemaje, mara mbili umenijibu magurudumu. Watu wa Ikinga wameshuka katikati ya kazi za shamba, Mchungaji yupo, wazee wapo, na hujasema ilikuwa shughuli gani.

Nimekumbuka na Mama. Nilikuwa Mbozi kwenye kahawa za watu, mkanitumia barua kwamba ng'ombe wamepotea nije nisaidie kuwatafuta. Nilikuja mbio na fimbo mkononi, nimewakasirikia wachungaji njia nzima. Nikafika kwenye daraja la Isongole nikakuta mjomba ananisubiri, akaninyang'anya fimbo kwanza, ndipo akaniambia Mama hatunaye tena. Sisi hatuandiki habari hiyo. Mtu hapewi na karatasi, hupewa na mtu. Safari ile mlitumia ng'ombe kwa sababu nilipenda ng'ombe. Safari hii mmetumia gari.

Sikuulizi. Usinijibu kwa barua, hata kama barua hii itakufikia mapema. Naomba tu iwe kwamba ile sehemu ya barua yangu ya Juni, niliyokutuma umwambie maneno yangu kwa hasira, hukuisoma kwa sauti popote. Ilikuwa imeshachelewa, sasa najua, lakini naomba hivyo hivyo. Na shemeji Hamis nitamwomba radhi kwa mdomo. Alisema vizuri.

Kuhusu Abdulwahab, sijui kama alisema kweli kwamba atasubiri mpaka mwisho wa Septemba au siku hiyo uliitunga wewe. Kama uliitunga, iache isimame. Wenzangu hapa wameniuliza naondoka kwenda kufanya nini, nimewaambia dada yangu anataka kuuza gari langu. Wakasema, nenda kaka, dada wa siku hizi si wa kuaminika. Nikakubaliana nao. Ilikuwa rahisi kuliko lile jingine.

Kama kweli anataka kukaa, akae. Sijaamua kama nitampa. Nitayawasha yote mawili asubuhi moja, nisikilize, niyapandishe kilima mwenyewe. Nikiona langu bado linapanda, nitabaki nalo, nitabeba nalo maharusi wa Mchungaji na wagonjwa wa Ikinga. Nikiona limechoka kama mimi, nitachukua nyeupe nijifunze taratibu zake. Lakini sitaamua hayo kabla sijalala nyumbani.

Barua hii inatangulia na dereva mwingine. Yonathani ananipa nafasi mbele, nimsaidie kushusha njiani. Nitafika Jumamosi, tarehe kumi na tisa mwezi huu, mchana kama foleni itaturuhusu. Usinisubiri nyumbani na watu. Vuka mpaka uje upande wa Zambia, pale Nakonde, simama pale malori yanapoegesha, uwe peke yako, uniambie kwa mdomo wako kabla sijakanyaga kwetu.

Mdogo wako,
Osward Mbonile